Mjadala: Kuficha majina kutawatendea haki wanafunzi Weusi wa ubunifu wa mavazi?

Hoja: Katika vyuo vikuu vya Uingereza, wanafunzi Weupe wamekuwa wakipata madaraja ya juu kwa kiwango kikubwa kuliko Weusi kwa miaka mingi. Je, kazi za mitindo zisahihishwe kwa namba badala ya majina?

Mwalimu wa kukata:
Insha, sawa. Nguo, hapana. Mwalimu ameifuata tangu ilipokuwa merikani ya kujaribia, na mada yenyewe mara nyingi humtambulisha aliyeibuni. Isitoshe, namba za kuficha majina huja mwisho, kazi inaposahihishwa, wakati madhara yameshafanyika kwenye mrejesho wa kila wiki.

Mtetezi wa wanafunzi:
Hapo ndipo penyewe. Mwanafunzi Mweusi anabuni koti la mvua, anaambiwa “tuonyeshe zaidi asili yako”. Mwenzake anaambiwa zipu inavuja, aifunike kwa ulimi wa kitambaa. Mmoja ametoka na kazi ya kufanya, mwingine ameulizwa ukoo wake. Hii ni dhuluma, hata ikisemwa kwa tabasamu.

Mtafiti wa elimu:
Sifa tupu nazo zinaumiza. Mwaka 1998, mwanasaikolojia Kent Harber alionyesha, nchini Marekani, kwamba wasomaji Weupe walilegeza ukosoaji wa maudhui ya insha walipodhani mwandishi ni Mweusi. Mwaka uliofuata watafiti Cohen, Steele na Ross walipata dawa: ukosoaji kamili, ukiambatana na kauli kwamba kiwango ni cha juu na kwamba mwanafunzi anaweza kukifikia. Ukosoaji ulioambatana na sifa tu haukutosha.

Mwalimu wa kukata:
Kauli hiyo ikikaririwa kwa kila mtu inakufa. Uzito wake uko kwenye kipimo kinachoifuata. “Mkono umekaa vibaya” haimsaidii mtu. Sema: “Kichwa cha mkono, pale unaposhonwa begani, kinazidi tundu lake kwa sentimita 5, pamba hii iliyofumwa kwa kubana haimezi hata 3, ndiyo maana umekunjamana. Punguza, ushone upya kwa merikani.”

Mtetezi wa wanafunzi:
Nakubali, ila kwa masharti. Vigezo vitolewe siku ya kwanza ya mradi. Kwenye kikao cha kujadili kazi, mbunifu aeleze kwanza nguo ni ya nani na ya kazi gani, kisha maswali, hukumu baadaye. Mrejesho uandikwe. Kila muhula mtu wa nje ya kozi asome yote bila majina, ahesabu: nani amepewa vipimo, nani amepewa sifa, nani ameulizwa asili.

Mtafiti wa elimu:
Na hesabu hiyo isiishie faili la mkuu wa idara. Wanafunzi waione.