Kupuliza mfuko kupima H. pylori, kuna ukweli?

Fuso_ya_Usiku:
Wakuu, naombeni msaada. Mimi ni dereva, njia yangu Tunduma–Dar. Mwaka juzi tumbo lilianza kuniwaka, hasa nikikaa na njaa. Nikapimwa damu, nikaambiwa nina H. pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo, nikameza dozi ya siku 14, ile inayoacha mdomo na ladha ya msumari. Kurudi kupima damu: bado yumo. Dozi tena. Damu tena: bado yumo! Zahanati ni ileile, sitaji jina. Sasa daktari mwingine anasema nikapulize tu kwenye mfuko. Mimi kupuliza nakujua kwa trafiki. Mdudu yuko tumboni, pumzi inatoka mapafuni, wanakutana wapi?

Zamu_ya_Maabara:
Mkuu, kwa trafiki umeshajijibu. Pombe inashuka tumboni, inaingia kwenye damu, damu inapita mapafuni, kifaa kinainasa. Njia ni hiyohiyo. Huyu bakteria ana kimeng'enya cha kuvunja yurea, apate amonia ya kujikinga na asidi. Akivunja, hewa ya ukaa nayo inatoka. Utanyweshwa yurea yenye kaboni-13, nzito kidogo kuliko ya kawaida, haina mionzi. Mdudu akiwepo, kaboni hiyo itatokea kwenye pumzi. Unapuliza mfuko mmoja kabla ya kunywa, mwingine baada ya kama nusu saa, mashine inalinganisha.

Kipimo cha damu ulichofanya kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huunda dhidi ya mdudu, na hizo hubaki miezi, hata miaka, mdudu akishakufa. Huenda dozi ya pili ilipiga maiti. Ila pumzi inaonyesha mdudu tu. Kidonda chenyewe kinaonekana kwa mpira wenye kamera. Mfuko ukikosekana, ulizia kipimo cha choo cha antijeni (kinatafuta chembe za mdudu mwenyewe), si cha damu.

Kijiwe_Nongwa:
Na aliyekula kachumbari usiku, mashine haizimii?

MamaShani:
Kijiwe acha utani, watu wanaumwa 😂

Kaka dereva, mimi nilipuliza. Kinywaji kina uchachu wa limau, unakaa kwenye benchi na njaa yako. Lakini mara ya kwanza walinirudisha. Dada wa mapokezi kauliza, "Omeprazoli umekunywa lini?" Ile dawa ya kupunguza asidi. Nikasema juzi usiku. Akafunga faili palepale. Inatakiwa uiache wiki mbili, na antibayotiki wiki nne, la sivyo mdudu anafifia na majibu yanakuja safi ya uongo. Wiki mbili zile nililala nimeegemea mito mitatu. Muulize daktari utulizwe na nini, usijiachishe mwenyewe.

Fuso_ya_Usiku:
Dada umeniokoa nauli. Hiyo omeprazoli iko kwenye dashibodi, nilimeza jana Makambako na chai ya rangi. Na kupuliza nilipanga kesho. Ngoja nimpigie daktari kwanza.