Anajua 6 mara 7, lakini 42 gawanya kwa 6 inamgandisha. Nianzie wapi?

Shangazi_Mshonaji

Habari zenu ndugu zangu. Naombeni msaada kwa wanaojua kufundisha watoto. Mimi kazi yangu ni cherehani, hesabu yangu ni ya kupima na kukata. Nalea binti wa kaka yangu, ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Ni mtoto mwepesi, anasoma vizuri na anapenda sana kuchora. Shida ni kuzidisha na kugawanya.

Jedwali amekariri. Mwambie aanze mara sita, atakuimbia kuanzia 6 mara 1 mpaka 6 mara 10 bila kukosea, tena kwa mahadhi. Ukimrukia katikati, "6 mara 7?", anarudi mwanzo chini chini, midomo inacheza, mpaka aifikie. Ukigeuza ukasema "7 mara 6" anakutazama kama hajawahi kuisikia. Juzi nikamwandikia 42 ÷ 6. Akaitazama ile alama, akaniambia, "Shangazi, hiyo ni ya kugawanya, sijui." Na dakika mbili kabla alikuwa amenitajia mwenyewe kwamba 6 mara 7 ni 42!

Nilibandika chati ukutani. Haikusaidia, anaisoma tu. Nikaanza kumpa maswali 40 kila jioni, saa iko mezani. Siku ya nne nikakuta daftari la hesabu limefichwa chini ya godoro. Nilimkaripia, kisha nikaona penseli inatetemeka mkononi mwake, na tangu hapo sina amani. Sitaki achukie hesabu kwa sababu yangu. Nianzie wapi?

Mwalimu_wa_Chini

Dada, pole, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Nimefundisha darasa la pili na la tatu kwa miaka 19, na watoto wa aina ya binti yako nimekutana nao kila mwaka. Si mvivu wala si mzito. Alichokariri ni wimbo. Mtu ukimkatiza wimbo katikati ya ubeti, anarudi mwanzo ili aupate tena. Anahitaji kuzifahamu namba zenyewe, 6 na 7 na 42, azijue kama watu wa nyumba moja, aweze kuingia kwa mlango wowote.

Kwanza saa iweke kabatini. Maswali 40 yapunguze yawe 8.

Pili, wewe ni mshonaji, vifungo unavyo. Hesabu vifungo 42. Mwambie avipange kwenye sinia, mistari 6, kila mstari vifungo 7. Avipange yeye, usimsaidie hata mstari ukipinda. Akimaliza muulize ni vingapi. Halafu ligeuze sinia robo mzunguko, usiseme neno, mwache atazame. Sasa ni mistari 7 yenye vifungo 6. Hakuna kifungo kilichoongezwa wala kilichoondoka. Watoto wengine wanacheka hapo, wengine wanahesabu upya kifungo kimoja kimoja kwa sababu hawaamini. Mwache ahesabu. Asiyeamini leo akihesabu mwenyewe mara tatu, hatakuuliza tena 7 mara 6.

Kugawanya mwonyeshe kwa vifungo hivyohivyo, siku hiyohiyo, usisubiri wiki ijayo. Na hapa naomba uwe makini, kwa sababu ndipo watu wazima wengi tunapowachanganya watoto. Kugawanya kuna maswali mawili tofauti. La kwanza: nina vifungo 42, nina mashati 7, kila shati litapata vifungo vingapi? Hapo mtoto anagawa kimoja kimoja, shati hili, shati lile, mpaka viishe. La pili: nina vifungo 42, kila shati linakula vifungo 6, vitatosha mashati mangapi? Hapo anachota 6, anachota 6 tena, anahesabu machoto. Kwa mikono ni kazi mbili zisizofanana kabisa. Sisi tunamwandikia alama moja ya ÷ tukidhani ameona jambo moja. Mpe yote mawili, ayafanye kwa mikono, mpaka agundue kwamba anaweza kujibu kwa kujiuliza tu, "6 mara ngapi ni 42?" Siku akilisema hilo swali mwenyewe bila kusukumwa, kugawanya ameshakupata.

Kisha tengenezeni kadi za pembetatu. Anapenda kuchora, basi azichore yeye. Juu anaandika 42, pembe za chini 6 na 7. Unafunika pembe moja kwa kidole gumba, anataja kilichofichwa. Ukifunika 42 anazidisha, ukifunika 6 au 7 anagawanya. Kadi moja imebeba hesabu nne: 6 × 7, 7 × 6, 42 ÷ 6, 42 ÷ 7. Nakuhakikishia hataona tena kama "ya kugawanya" ni somo la watu wengine.

Jambo la mwisho, na hili mwambie yeye kabisa, maana linaondoa hofu. Jedwali la 1 mpaka 10 lina vyumba 100. Mtoto akiutazama ukutani ule mraba anaona mlima. Lakini akishajua kwamba 6 × 7 na 7 × 6 ni kitu kimoja, zinabaki 55. Toa zote zenye 1, 2, 5 na 10, ambazo nina hakika anazo tayari, zinabaki 21. Mara 9 ni mara 10 ukipunguza moja: 9 × 7 ni 70 ukitoa 7, yaani 63. Toa hizo, zinabaki 15. Mara 4 ni kuongeza maradufu halafu maradufu tena. Toa hizo pia, zinabaki 10 tu: 3 × 3, 3 × 6, 3 × 7, 3 × 8, 6 × 6, 6 × 7, 6 × 8, 7 × 7, 7 × 8, 8 × 8. Kumi. Mwandikie kwenye karatasi ndogo, kila anayoimudu aipake rangi.

Baba_wa_Mapacha

Nakubaliana na mwalimu, ila naomba niongeze upande wa kukariri, kwa sababu siku hizi nasikia wazazi wanasema mtoto akielewa inatosha. Haitoshi. Wanangu walielewa vizuri sana, lakini walipofika kwenye kugawanya kwa njia ndefu, kama 952 ÷ 7, walikuwa wanatumia nguvu zote kutafuta 7 mara 3 ni ngapi, wakishaipata wamesahau walikuwa hatua gani. Wanakosea kwa uchovu.

Kilichotusaidia ni dakika 5 kwa siku, kila siku, badala ya saa nzima Jumamosi. Hili lina msingi. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa miaka kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha kazi yake mwaka 1885. Aliona kwamba marudio yaliyotawanywa siku mbalimbali yanashika kuliko yaliyolundikwa kwa mkupuo.

Namna yetu: kadi 8 mkononi, 6 anazozijua na 2 ngeni. Akikwama, namwambia jibu palepale, simwachi ahangaike, kisha kadi hiyo naichomeka nyuma ya kadi tatu zinazofuata ili irudi kabla hajasahau. Na nachanganya kuzidisha na kugawanya tangu mwanzo. Tukimaliza kwa kadi ya kugonga mwamba, narudisha moja anayoijua vizuri ili anyanyuke mezani na jibu sahihi mdomoni. Hili la mwisho msilidharau.

Fundi_Vigae

Mimi si mwalimu, lakini niwaambie jinsi mwanangu alivyoelewa "baki".

Shuleni alikuwa anaandika 75 ÷ 6 = 12 baki 3, anapata alama, basi. Siku moja nikamchukua kazini. Chumba kina urefu wa sentimita 400 na upana 300, kigae kina sentimita 40 kila upande. Nikamwambia apige hesabu. Urefu ukatoka vizuri, vigae 10. Upana: 300 gawanya kwa 40 ni 7, baki 20. Akaandika 7 akataka kuendelea. Nikamuuliza, "Hizo sentimita 20 tutaziacha udongo?" Akatazama sakafu muda mrefu. Akainama, akachukua kigae, akakiweka pale ukutani, akaona nusu inazidi. Akasema mwenyewe, "Tunakata katikati."

Basi: mistari 7 mizima yenye vigae 10, vigae 70. Mstari wa mwisho unataka nusu 10, na kigae kimoja kinatoa nusu mbili, kwa hiyo 5. Jumla 75. Boksi lina vigae 6. 75 gawanya kwa 6 ni 12, baki 3. "Tunanunua maboksi mangapi?" Akajibu 12. Nikanyamaza. Akahesabu mpaka 72, akaona vitatu havina boksi. "Baba, 13!"

Baki moja inakatwa nusu, baki nyingine inakuletea boksi zima zaidi. Na ukiuliza tutajaza maboksi mangapi kamili, jibu linarudi kuwa 12. Namba hazijabadilika, swali ndilo limebadilika. Shangazi, kwenye vitambaa una mambo haya kila siku. Mkalishe karibu na meza ya kukatia.

Mpenda_Kale

Naongeza dogo. Katika magofu ya Nippur, Iraki ya leo, wamefukua vibao vya udongo walivyoandikia wanafunzi takriban miaka 3,800 iliyopita, na vingi ni majedwali ya kuzidisha. Kugawanya walikufanya kwa kuzidisha: walikuwa na jedwali la namba na kinyume chake (kinyume cha 2 ni nusu, cha 4 ni robo), wakitaka kugawanya wanatafuta kinyume, wanazidisha. Kwa hiyo anachosema mwalimu, kwamba kugawanya ni kuzidisha kwa mlango wa nyuma, ni cha zamani mno.

Wamisri wa kale nao walizidisha kwa kuongeza maradufu. Mfundishe binti mara 8 kwa njia hiyo: 7, 14, 28, 56. Hatua tatu tu.

Shangazi_Mshonaji

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu. Samahani kwa kukaa kimya, nilitaka kwanza nifanye ndipo niseme.

Siku ya kwanza alipoona sinia akadhani ni mtego, akaniuliza kama nitaweka saa. Nikamwambia saa iko kabatini, akaenda kuhakikisha. Akapanga vifungo. Nilipogeuza sinia alihesabu upya vyote 42, akidokoa kwa kidole, kama mwalimu alivyosema. Akageuza tena mwenyewe. Akahesabu tena. Kisha akaketi kimya, akasema, "Kumbe nilikuwa nasoma mara mbili bure."

Kadi za pembetatu amechora 10, kila moja ina mnyama katikati. Ya 7, 8 na 56 ameichorea konokono kwa sababu anasema ndiyo inayochelewa kufika. Mpaka wiki iliyopita alikuwa anaifikia kwa maradufu, namsikia akinong'ona 14, 28, 56. Jumatano aliitaja moja kwa moja bila kunong'ona, wala hakuona kwamba nimeacha kushona. Nane kati ya kumi ameshazipaka rangi. Zimebaki 6 × 8 na 8 × 8.

Fundi, nimemweka mezani kama ulivyosema. Kitambaa sentimita 250, kila mfuko unataka 30. Akasema mifuko 8, baki 10, na kabla sijamuuliza akaniambia hizo 10 hazitoshi mfuko ila zinatosha mkanda. Nikamshonea huo mkanda.

Daftari sasa linakaa juu ya meza. Nimemwomba radhi kuhusu ile siku ya saa. Akanitazama tu, akaniambia nimfunikie kadi.

Sasa mwalimu, kuna moja limenishinda. Jana ameniuliza 12 gawanya kwa sifuri ni ngapi. Mimi nikasema sifuri, akakataa, akasema sifuri mara sifuri haileti 12. Nimjibu nini?

Mwalimu_wa_Chini

Dada, yeye ndiye aliye sahihi, na mwambie hivyo kwa sauti. Amejaribu jibu lako kwa kuzidisha, ndiyo njia yenyewe. Hakuna namba utakayoizidisha kwa sifuri ukapata 12, kwa hiyo swali hilo halina jibu.

Mpe vifungo 12. Mwambie kila shati halitaki kifungo hata kimoja, achote mafungu ya sifuri mpaka vifungo viishe sinia. Mwache achote.