Lita moja ya petroli, kilo mbili za hewa? Nisaidieni na kijana wangu

MamaBaraka_Rongai

Habari zenu. Kijana wangu wa Gredi ya 8 ameambiwa aonyeshe darasani gari la nyumbani linatoa hewa ukaa kiasi gani. Gari la nyumbani ni Vitz yangu. Jana usiku tulikaa mezani na kikokotoo. Rongai hadi kazini Industrial Area, mita ya gari inasoma kilomita 22, kwenda na kurudi 44. Kwa ile foleni ya Bomas ya asubuhi napata kilomita 11 kwa lita, hata niendeshe kama nimebeba mayai. Basi lita 4 kwa siku. Hapo hatukugombana.

Tuligombana aliposoma kwamba lita moja ya petroli ikiungua inatoa kilo 2.3 za hewa hiyo. Nikamwambia arudie kusoma. Nikamwekea mkononi chupa ya maji ya lita moja: hii ni kilo moja, na petroli ni nyepesi kuliko maji. Hizo kilo mbili na ushee zinatoka wapi, kwa mganga? Akanyamaza vile watoto hunyamaza wakijua mzazi atajionea mwenyewe.

Na hata kama ni kweli, kilo ya hewa inafananaje? Mwalimu wake hataki namba tupu, anataka kitu cha kuonekana. Baraka anataka tupulize baluni. Nilipofikiria bei ya baluni nikaona nije hapa kwanza.

mwl_kemia

Mama Baraka, kijana yuko sawa, mwombe msamaha. Lita ya petroli ina uzito wa kama robo tatu ya kilo, na gramu 630 hivi za uzito huo ni kaboni. Ikiungua ndani ya injini, kila atomu ya kaboni inashikana na atomu mbili za oksijeni. Oksijeni hiyo hukuuziwa kituoni, injini imeivuta hewani kupitia chujio. Sasa, kaboni ina uzito wa 12 na oksijeni mbili ni 32, jumla 44. Yaani kwa kila gramu 12 ulizolipia, umeokota 32 za bure njiani. Mwambie Baraka apige 630 mara 44, agawe kwa 12.

Baluni achaneni nazo. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, kwa hiyo gesi hutanuka kuliko ingetanuka Mombasa. Kilo 2.3 ambazo pwani zingechukua kama lita 1,300, huku zinajaza lita 1,500. Toka kwenye baraza uangalie paa la jirani. Lile tangi jeusi la maji la lita elfu moja na nusu, hilo ndilo lita yako moja ya petroli.

FundiGrogan

Niongeze kitu, maana nakisikia kila siku: "Fundi, gari langu halitoi moshi, liko safi." Moshi mweusi ni masizi, mafuta hayaungui vizuri. Wa buluu ni oili imeingia kwenye silinda. Mweupe mzito usioisha, angalia maji ya rejeta. Hewa ukaa haina rangi wala harufu, na injini nzima inayounguza sawasawa bado inaitoa, tena bila kukuonyesha chochote.

Lakini mama, Vitz kilomita 11? Hata kwa foleni hiyo ni kidogo. Upepo wa magurudumu umepima lini? Lete nione na plagi.

Dereva33

Mwl, nipigie na mimi. Mat ya abiria 33, dizeli, siku mbaya kilomita 5 kwa lita, Rongai hadi tao lita 4.

mwl_kemia

Dizeli ni nzito zaidi, kilo 2.7 kwa lita. Karibu kilo 11 kwa safari. Ukijaza viti vyote, kila kichwa theluthi ya kilo. Mama Baraka akiwa peke yake, safari moja ni kilo 4.6. Samahani mama.

Halafu Baraka akitaka kitu kikubwa zaidi: Desemba 2009, wakati wa mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, waliweka mchemraba mkubwa majini kuonyesha tani moja ya hewa hii, kila upande mita 8.2. Kwa hewa ya huku kwetu ungefika karibu mita 8.7, kama ghorofa tatu. Siku 22 za kazi kwa mwezi ni lita 88, kilo 200 hivi. Vitz inaujaza kwa miezi mitano.

MamaBaraka_Rongai

Nimeomba msamaha. Imeniuma lakini nimeomba.

Ploti iliyo mbele yetu ina matangi 17 juu ya paa. Baraka ameyahesabu kwa kidole kutoka kwenye baraza hadi mlinzi wao akapiga kelele kuuliza tunatafuta nini. (Nusu yake hayana maji tangu Jumamosi, lakini hiyo ni mada nyingine.) Matangi manne kila siku. Jumatatu yalikwisha yale ya upande wa ngazi, Jumatano tukafika kwenye antena, Alhamisi jioni lilibaki moja tu. Ameyachora yote kwenye manila, kila siku na rangi yake, na kigari changu chini kidogo kama kiberiti. Manila ilijaa, Ijumaa imechorwa nyuma.

Fundi, nakuja Jumamosi. Plagi zote nne, na unipe bei ya kweli.