Matofali ya tanuru yamevimba na hayajarudi, tatizo ni nini?

MchomaKauri: Wakuu, naombeni ushauri. Nimejenga tanuru dogo kwa matofali ya kuhimili moto. Nilipolifikisha nyuzi 1400 ukuta wa ndani ukatuna. Najua udongo hunywea motoni, sasa haya yamerefuka. Yamepoa kabisa, lakini nikiyalinganisha na tofali la akiba ambalo halijachomwa bado yamelizidi. Nibomoe?

FundiTanuru: Pole mkuu. Uliacha nafasi za kutanukia? Karibu kila kauri hutanuka ikipata joto, maana atomi zake hutikisika kwa nguvu zaidi na kuachana kidogo. Ukuta wa alumina (oksidi ya aluminiamu) wa mita 1 ukipanda nyuzi 1000 hurefuka kama milimita 8, wa magnesia (oksidi ya magnesiamu) hupita 13. Ukibanwa pande zote, utatuna tu. Ila mtanuko huo huisha tofali likipoa. La kwako halikurudi, kwa hiyo madini yenyewe yamegeuka.

Mjiolojia: Nashuku kayanaiti. Ni madini ya alumina na silika (kiini cha mchanga) yaliyoshikamana sana, densiti yake, yaani uzito kwa ujazo, ni kama gramu 3.6 kwa sentimita ya ujazo. Kuanzia nyuzi 1300 hivi huvunjika ikawa mulaiti (madini mengine ya alumina na silika) na silika, na hivyo viwili vinahitaji nafasi kubwa zaidi. Hairudi tena kuwa kayanaiti. Watengenezaji huiweka makusudi ili kuvimba kwake kufidie kunywea kwa udongo, jambo zuri sana likipimwa vizuri. Ikizidi, au chembe zikiwa kubwa mno, tofali hukua.

MchomaKauri: Si kwatzi, ile silika ya mchanga? Nasikia hubadilika kwenye nyuzi 573.

Mjiolojia: Badiliko la 573 ni la ghafla na hupasua matofali, lakini tofali likipoa hurudi. Kwatzi ikikaa sana kwenye joto kali ndipo hugeuka kristobalaiti au tridimaiti, aina nyingine za silika zenye densiti ya 2.3 hivi badala ya 2.65, kwa hiyo huchukua nafasi kubwa zaidi. Uvimbe huo nao hubaki. Kwa hiyo usiiondoe kwenye orodha.

FundiTanuru: Mwombe muuzaji karatasi ya vipimo, utazame badiliko la kudumu la urefu na joto walilopimia. Alama ya kujumlisha maana yake linakua. Usizibe ukuta uliotuna kwa udongo, bomoa sehemu hiyo. Ukijenga upya weka vipande vya kadibodi kwenye viungo vya kutanukia, vitaungua viache upenyo.

Kabla ya hapo lipime lile la akiba, lichome hadi 1400, lipime tena likiwa baridi. Rudia. Likiacha kukua, madini yamemaliza kugeuka, na matofali yaliyokwisha kuchomwa ambayo hayana nyufa unaweza kuyajengea tena.