Ulinganisho: Knock, zana za vitasa au mtaimbo kwa kundi lisilo na mwizi

MtunzaFunguo

Wanajukwaa, naomba tulinganishe njia za kupita mlango uliofungwa katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, toleo la tano, kwa kanuni zilizochapishwa mwaka 2014. Kundi letu liko ngazi ya 3. Tuna mchawi msomi, kasisi, mpiganaji na manju, lakini mwizi hatuna. Mchawi anataka kuandika Knock, uchawi wa kufungua kilichofungwa, katika kitabu chake, nami nasita kumuunga mkono. Uchawi wenyewe si dhaifu, ila katika ngazi hiyo ana nafasi mbili tu za kutumia uchawi wa daraja la pili, hivyo kila mlango atakaoufungua utakula nusu ya akiba ambayo pengine ingeokoa maisha ya mtu jioni.

Zana za kufungulia vitasa zinagharimu sarafu 25 za dhahabu, na mtu aliyejifunza kuzitumia anaweza kuzirudia tena na tena. Mtaimbo unagharimu sarafu 2, na palipo na upenyo wa kuuchomeka humruhusu mpiganaji kurusha dado mbili na kuchukua iliyo kubwa. Je, ipo hali ambayo Knock inastahili gharama yake?

MwongozajiWaPangoni

Ndugu MtunzaFunguo, umeanza na gharama, nami ningeanza na kelele, kwa kuwa ndiyo inayoamua zaidi mambo mezani. Knock inatamkwa kwa neno tu, inafika futi 60, na mlango unafunguka bila mtu yeyote kurusha dado. Lakini papo hapo mlio mkubwa wa kugonga unasikika kutoka mlangoni wenyewe, na unasikika hadi futi 300. Katika ngome au pango la kawaida, umbali huo ni karibu kila chumba. Anayetumia Knock kuingia kimyakimya amechagua kifaa kisichofaa kwa kazi hiyo, na mimi kama mwongozaji wa mchezo siwezi kujifanya kwamba walinzi wamelala.

Kwa kitasa cha kawaida, ambacho ugumu wake (namba ya kufikiwa kwa dado pamoja na nyongeza) ni 15, zana zinatosha. Mtu aliyejifunza kuzitumia, mwenye jumla ya nyongeza ya 4, anahitaji kupata 11 au zaidi katika dado ya pande 20, yaani nusu kwa nusu, na kama hakuna anayewakimbiza anaweza kujaribu tena. Hali hubadilika mlango ukiwa umefungwa kwa Arcane Lock. Uchawi huo unaongeza ugumu kwa 10, hivyo mtu huyohuyo sasa anahitaji 21 katika dado isiyozidi 20, na mtaimbo nao unakabiliwa na nyongeza ileile. Mlango wa namna hiyo ndio uliotungiwa Knock. Inausitisha Arcane Lock kwa dakika 10, na katika muda huo mlango unafunguka na kufungwa kama kawaida.

Tilieni maanani neno hilo, kusitisha. Dakika 10 zikiisha, ulinzi unarudi. Mkiwa mmeshatoka, mwenye mlango atakuta umefungwa kama alivyouacha. Mkiwa bado ndani, njia yenu ya kurudi imefungwa nyuma yenu.

SautiYaManju

Nakubaliana na hesabu, lakini kelele ina dawa, tena dawa hiyo tayari imo katika kundi la MtunzaFunguo. Kasisi na manju wote wanaweza kutumia Silence, ambayo hutengeneza duara la ukimya lenye nusu kipenyo cha futi 20, na ndani yake hakuna sauti inayoweza kuzaliwa wala kupita. Kasisi aweke kitovu cha duara mbele ya mlango, kisha mchawi asimame nje yake, tuseme futi 40 kutoka mlangoni. Ni lazima awe nje, kwa sababu uchawi wenye kutamkwa hauwezekani ndani ya ukimya, na futi 60 za Knock zinampa nafasi ya kutosha. Mlio unatoka mlangoni, mlango umo ndani ya duara, basi mlio haupo.

Umbali huohuo una faida nyingine ambayo watu wanaisahau. Knock haiondoi mitego, lakini mtego wa sindano au wa moto uliotegwa kwenye kitasa humpata aliyepiga magoti mbele yake na zana mkononi, wala haumfikii mchawi aliyesimama mbali.

KasisiMtulivu

Naongeza kwamba Silence inaweza kufanywa kwa njia ya tambiko, ambapo haitumii nafasi yoyote ya uchawi bali inahitaji dakika 10 za ziada. Kwa mlango ulioupata mapema na usio na mlinzi upande wenu, hiyo ni bei nafuu sana. Kwa mlango uliokimbilia ukifukuzwa, tambiko halisaidii chochote, ingawa hapo kelele nayo haina uzito tena.

MwongozajiWaPangoni

SautiYaManju, mpango wako ni mzuri, lakini hauna uhakika ulioueleza. Kwa kanuni za jumla, eneo la uchawi halifiki mahali ambapo kizuizi kizima kinakata mstari kutoka kwenye kitovu chake. Mlango uliofungwa ni kizuizi kizima. Ukimya wenu umeujaza ukumbi mlipo ninyi, lakini chumba cha upande wa pili hakimo ndani ya duara hilo, na mlango una nyuso mbili. Mwongozaji mmoja ataamua kwamba sauti inazaliwa katika kitu kilichoguswa na ukimya, kwa hiyo haizaliwi kabisa. Mwingine ataamua kwamba upande wa pili watausikia mlio waziwazi. Kanuni hazisemi neno la mwisho. Muulizeni mwongozaji wenu kabla ya siku ya tukio, msimuulize mkiwa mmeshasimama mbele ya mlango.

MzeeWaDado

Wenzangu, inafaa kukumbuka kelele hii ilitoka wapi. Katika toleo la 3.5 la mwaka 2003, Knock haikuwa na mlio wowote, ilifungua hata milango ya siri, na iliweza kuondoa vizuizi viwili kwa mara moja. Mwizi aliyetumia ngazi nyingi kujifunza vitasa alitazama mchawi akimaliza kazi yake kwa neno moja. Toleo la nne, mwaka 2008, lilijibu kwa kuifanya tambiko la dakika 10 lenye gharama na lenye kutegemea dado. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, katika toleo lake la pili la mwaka 2019, ilichagua njia ya tatu: uchawi unampa mfunguaji nyongeza ya 4, na kazi ya kufungua inabaki kuwa jaribio.

Kwa maoni yangu, toleo la tano limepata mizani bora kuliko hayo yote. Mchawi amebakiwa na uhakika, mwizi amebakiwa na ukimya, na kundi linalazimika kuamua linahitaji nini mbele ya mlango fulani. Kwa sababu hiyo siungi mkono wale wanaoufuta mlio mezani kwao kwa kudhani ni usumbufu mdogo. Wakiufuta, wanamrudishia mwizi dhuluma ileile ya zamani.

PinguMbili

Mmezungumzia milango tu, wakati uchawi huu unashika pia masanduku, kufuli na pingu. Kundi likitekwa na kunyang'anywa mizigo, zana za sarafu 25 zimekwenda na mtaimbo umekwenda. Kwa kuwa Knock haihitaji ishara ya mkono wala kitu chochote, mchawi aliyefungwa mikono bado anaweza kuitumia, mradi hakuzibwa mdomo na anaziona pingu anazozilenga. Ugumu wa kuzifungua pingu kwa zana ni 15, na wa kuzivunja kwa nguvu ni 20. Katika hali hiyo silinganishi kabisa, kwa sababu njia nyingine hazipo.

MtunzaFunguo

Nawashukuru nyote kwa majibu haya. Naona sasa kwamba manju asiichukue, kwa kuwa idadi ya aina za uchawi anazozijua ni ndogo na hawezi kubadilisha ila anapopanda ngazi. Lakini bado sijaridhika kuhusu mchawi. Je, aiandae kila siku?

MwongozajiWaPangoni

Hapana, asiiandae kila siku. Kuwa nayo kitabuni na kuiandaa, yaani kuichagua kwa matumizi ya siku hiyo, ni mambo mawili. Akiipata ngome ina mlango wenye Arcane Lock, kundi lirudi, lipumzike usiku kucha, na asubuhi aiandae badala ya uchawi mwingine. Akiipata katika hati ya kichawi, anaweza kuinakili kwa saa 4 na sarafu 100 za dhahabu, ingawa hati hupotea hata akishindwa kunakili. Mimi ningemshauri aiache ilivyo na kuibeba kwa ajili ya siku ya haraka, kwani hati haili nafasi ya uchawi.

Mpiganaji abebe mtaimbo, na manju, kama ana nafasi ya kujifunza kifaa, ajifunze zana za vitasa. Na kabla ya kutamka Knock, hesabuni vizuizi vya mlango: wenye kufuli tatu utafunguliwa moja tu kwa kila nafasi, na mlio utasikika kila mara.