Majike wanne 2021, majike wanne leo. Mbona hawaongezeki?

Mfugaji Ganda
Asalaam aleikum wenzangu. Nafuga ng'ombe chotara wa Jersey hapa Ganda, Malindi, wote wa kufungia ndani. Maziwa napata na ndama wanazaliwa, lakini zizi halikui. Ninunue mtamba, jike ambaye hajazaa bado, kutoka bara?

Bi wa Gede
Waaleikum salaam mwanangu. Usinunue kwanza. Ng'ombe wako huzaa kila baada ya muda gani? Kama ni miezi 18, piga hesabu: majike 4 kwa miaka 3 ni ndama 8, nusu yao madume. Mitamba 4 hiyo, mmoja aende na ndigana, ugonjwa wa kupe, mwingine auzwe kulipa karo, wazee wawili watoke zizini. Uko pale pale. Wakizaa kila miezi 13, majike hao hao wangekupa ndama 11.

Mimba ni miezi tisa na siku kidogo, hapo hupunguzi kitu. Muda unaliwa na ng'ombe kukaa mtupu baada ya kuzaa. Joto, yaani hamu ya kupandwa, hurudi kila siku 21 na halidumu kutwa. Likikupita, umemlisha wiki tatu bure. Na jua letu hili la pwani, mchana ng'ombe hana haja ya kumpanda mwenzake. Mimi hutoka na tochi kabla ya adhana ya alfajiri, namtazama chini ya mkia: ute mwangavu unaning'inia, na manyoya ya shina la mkia yamesuguliwa. Nikimwona asubuhi, mtu wa mbegu, anayepandikiza mbegu ya fahali, namtaka jioni ile ile.

Mfugaji Ganda
Shukran sana Bi. Kijana wangu huwatazama saa nne, akipeleka majani. Na ile mbegu ya kuzaa majike?

Bi wa Gede
Saa nne jua limeshapanda, mwambie aanze alfajiri. Mbegu hiyo hutoa majike kama 9 kwa 10, ila ni ghali na haishiki kama ya kawaida. Wape mitamba wenye afya. Lakini jamani, tuwalinde hawa wanaozaliwa! Ndama anyweshwe dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa sita za kwanza, akaguliwe kupe ndani ya masikio, na apate chanjo ya ndigana kali, hudungwa mara moja tu.

Mmambrui
Naongeza moja: mtamba aliyezaliwa pacha na dume msimhesabu. Zaidi ya 9 kwa 10 huwa tasa. Mwite daktari wa mifugo ampime mapema, kabla hamjamlisha miaka miwili.