Tupeane uzoefu: mliokimbia marathoni za vijijini, lami kidogo, tope na milima, ilikuwaje?

Mtu wa Soni
Wakuu habari za jioni. Leo napandisha kutoka Mombo kwenda Lushoto, kwenye zile kona nikakuta vijana wako mazoezini, mvua inawanyeshea na hawana habari, basi ikanirudia mbio niliyokimbia huku kwetu. Siyo hizi za mjini zenye miziki na fulana za kampuni, hizi zetu mnajikuta watu wachache, namba ya kifuani imeandikwa kwa maka peni, mwenyekiti wa kijiji anapuliza filimbi mnaondoka. Kilomita ni zile zile 42 na ushee lakini lami mnaionja mwanzoni tu, halafu changarawe, halafu kinjia cha kupita mtu mmoja pembeni ya matuta ya kabichi, halafu msitu wa Magamba wenye ukungu humwoni aliye mbele yako. Na ule udongo mwekundu ukilowa mnaujua, unashika soli, unashika na pembeni, mguu unakuwa mzito kila ukiunyanyua.

Kilichonitesa siyo kupanda. Kupanda unatembea, unashika magoti, unafika. Kushuka ndiko kuliniua, mapaja yalianza kutetemeka kila nikikanyaga, ikabidi nishuke kinyumenyume nimeshikilia miti, watoto wanaotoka kuchanja kuni wananipita na mizigo kichwani wananiambia pole. Kucha za vidole gumba zote ziling'oka baadaye. Na bado nasema hizi ndizo mbio zenyewe, hakuna siku nimejisikia mtu kama siku ile. Leteni za kwenu.

Kipara Ngumu
Kushuka! Umenena kaka. Siku mbili zilizofuata ngazi za nyumbani nashuka kwa makalio.

Chepkoech wa Iten
Sisi huku tuko karibu mita 2,400 na barabara zetu za mazoezi ni hiyo hiyo murram nyekundu. Siri ya kushuka ni hatua fupi za haraka, usirushe mguu mbele ukafunga breki kwa kisigino, hapo ndipo mapaja yanachanika. Na uifanyie mazoezi, watu wanajizoeza kupanda tu, kushuka wanakutana nako siku ya mbio.

Baba Naa
Mnalia lia na raba za laki tatu. Mzee wetu Akhwari alikimbia peku Mexico 1968 na akamaliza. Vaeni katambuga muone mguu utakavyotulia.

Mwalimu wa Babati
Mkuu usichanganye mafaili. Aliyekimbia peku ni Abebe Bikila wa Ethiopia, tena ni Roma 1960. John Stephen Akhwari ni wa kwetu Mbulu, pale Mexico alianguka njiani, goti likaumia, likafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeshaingia, saa 3:25:27, zaidi ya saa nzima nyuma ya Mamo Wolde aliyeshinda. Wakimbiaji 75 walianza, wakamaliza 57, yeye wa 57. Bikila mwenyewe alikuwepo kwenye mbio hiyo na alijitoa mapema. Habari za mzee zisemwe kama zilivyo, zinatosha bila kuongezwa chumvi.

Baba Naa
Sawa mwalimu, peku nimefuta. Kumaliza je, hakumaliza? Hoja yangu iko palepale.

Dada wa Mafinga
Mmenigusa, acha niandike yote. Hii ilikuwa Mufindi, barabara za mashamba ya chai kisha unaingia kwenye misonobari. Mwezi wa sita, baridi yetu mnaijua, unaongea mvuke unatoka mdomoni. Nilikuwa nakimbia na shemeji yangu, mume wa dada. Watu walikuwa wamemshika masikio kwamba usipite kituo cha maji bila kunywa, na yeye ni mtu wa kufuata maelekezo, basi kila ndoo tuliyoikuta anakunywa vikombe viwili, vitatu, wakati jua hakuna, jasho hakuna, na tunakwenda pole pole saa nyingi. Tulipovuka ile ya thelathini akaanza kusema kichwa kinauma, tumbo limejaa. Akatapika, ikatoka maji matupu. Nikamshika mkono nimsaidie kukaa, vidole vimevimba, pete ya ndoa imezama kwenye nyama haizunguki. Halafu akaanza kuniita kwa jina la dada yangu, namwambia ni mimi ananiangalia tu.

Watu wakajaa pale wanapiga kelele mpe maji, mpe maji, mama mmoja wa kuchuma chai kaja mbio na galoni, Mungu ambariki ni moyo mwema. Shemeji akalikataa kwa mkono. Tukampakia kwenye bodaboda mshikaki, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke. Pale zahanati swali la kwanza la mganga lilikuwa amekunywa maji kiasi gani leo na amekojoa saa ngapi. Nilivyomjibu akasema asipewe hata tone, akatafuta gari. Njiani degedege ikampiga. Jamani sijawahi kusali vile. Hospitali walipima damu wakakuta chumvi imeshuka vibaya, maji yameizidi, ubongo ulikuwa unavimba. Alikaa kitandani siku kadhaa, akapona, yupo.

Kipara Ngumu
Pole sana dada. Nimesoma mwili umesisimka.

Forodhani Boy
Subirini kwanza, kwa hiyo watu wasinywe maji? Huku pwani ukimwambia mtu hivyo unamuua. Kwa joto letu mimi nakunywa kila kituo na niko salama.

Dada wa Mafinga
Sijasema wasinywe. Nasema kiu ipo, isikilize. Tumbo likianza kucheza maji ndani, acha.

Forodhani Boy
Kiu inachelewa, kila mtu anajua.

Mwalimu wa Babati
Hiyo ya kiu kuchelewa ndiyo iliyowaponza wengi. Kwa mwendo wa kawaida kiu inatosha. Wanaopatwa na alichopata shemeji mara nyingi ni wa mwendo mdogo, wana muda mrefu wa kunywa na hawatoki jasho jingi. Ila sehemu ya joto kali jipime mwenyewe, pima uzito kabla na baada ya mazoezi. Ukirudi umeongezeka kilo, ulizidisha.

Mama Kulwa
Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu, je? Mume wangu anameza kabla ya mbio.

Dada wa Mafinga
Mnyang'anye mama. Figo na mwili uliokaukiwa maji haviendi pamoja na dawa hizo, daktari wa shemeji alitusisitizia sana.

Baba Naa
Magimbi ya kuchemsha na chumvi kidogo mfukoni. Mengine ni biashara.

Kipara Ngumu
Magimbi ukimbie nayo? Utasimama kila kichaka. Ndizi.

Mtu wa Soni
Dada wa Mafinga asante, hii nitawasomea vijana wa hapa kabla hawajatoka tena. Na waandaaji wa huku nimewapigia kelele kuhusu alama, wanachora mishale ya chokaa halafu usiku mvua inafuta, watu wanatokea kijiji kingine. Mafundo ya kitambaa kwenye miti yanakaa.

Mama Kulwa
Raba za mtumba zenye meno chini zinapatikana wapi?

Mwalimu wa Babati
Soko la Memorial, Moshi. Wahi asubuhi, na ununue inayozidi namba yako moja, kwenye mteremko vidole visigonge mbele.